Kilichojaa Tumboni mwa Mbuzi

Mbuzi wa tatu wa Fanuel alikufa Jumatatu asubuhi, midomo ikiwa myekundu.

Alikuwa beberu wa kahawia, mkorofi, aliyewahi kula nusu ya kofia ya mhubiri. Kwa siku nne alikuwa amekataa majani, tumbo limemvimba upande wa kushoto, akisimama kwenye kona ya ua kama mtu aliyenuniwa na wakwe. Sasa alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa, na nzi walikuwa wamemfikia kabla ya mwenyewe.

"Ona hiyo midomo," Fanuel alimwambia mkewe. "Hiyo si damu?"

Tryphena aliinama, akapitisha kidole kwenye mdomo wa mbuzi, akakinusa. Alikuwa mtu wa kunusa vitu, tabia iliyomkera mumewe tangu waoane.

"Si damu. Damu inanuka chuma. Hii hainuki kitu."

"Basi ni dawa."

"Dawa gani iko na rangi hii?"

"Wewe unaniuliza maswali kama karani wa sensa! Mbuzi amelishwa kitu. Tatu kwangu, mbili kwa Mwanzia, moja kwa Gertrude. Mwezi mmoja! Na za Mbithe je? Nne zote ziko pale, zinatafuna."

Tryphena aliangalia upande wa pili wa ua. Kweli, mbuzi wanne wa Mbithe walikuwa pale, kila mmoja na kamba yake ya katani shingoni, wakitafuna maganda ya maharagwe waliyowekewa. Mbithe, mjane wa Kikamba aliyekuwa akisuka viondo, alikuwa amekaa mlangoni na uzi kwenye goti. Alijua anatazamwa na hakuinua kichwa.

Wakamzika beberu bila kumfungua. Mwaka ule wa 1984, Voi nzima ilipokuwa ikila mahindi ya manjano ya msaada, kuzika nyama nzima nzima kulimuuma Fanuel kuliko kifo chenyewe. Lakini nani angethubutu kuila nyama yenye sumu? Bwana mifugo alikuwa ameitwa, wakaambiwa yuko Kishushe kwenye ng'ombe wa ranchi, na gari la kumrudisha halijulikani litapatikana lini. Kwa hiyo hakuna aliyejua kilichokuwa ndani ya mbuzi wale sita, na pale watu wasipojua kitu, huwa wana jibu tayari.

Jibu lilikuwa Mbithe. Tangu mifuko ya nailoni ifike madukani, walisema, nani tena anamnunulia kiondo? Ana uchungu. Tena kwao wanajua mambo. Mwanzia, ambaye naye alikuwa Mkamba, ndiye aliyesema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote, asije akahesabiwa pamoja naye. Naibu wa chifu, Donald, akapanga baraza Jumamosi. Nyumba tatu zikitoa ushahidi, mama huyo angefungishwa virago arudi kwao Mtito, akawaroge ndugu zake.

Tryphena alitakiwa kuwa mmoja wa mashahidi. Hakuwa amekataa.

*

Tryphena alikuwa akiuza mabuyu kwenye stendi ya mabasi. Alizichemsha mbegu za mbuyu kwa sukari, iliki, pilipili kidogo na rangi nyekundu, akazitia kwenye vifuko vidogo vya nailoni, akavifunga kwa moto. Mabasi ya Mombasa na Nairobi yakisimama, abiria walinyoosha mikono madirishani, na yeye alikimbia huku beseni liko kichwani. Alikuwa hodari. Kufikia saa nane mchana beseni lilikuwa tupu.

Jumanne alikwenda dukani kwa Mwanarusi kununua sukari na vifuko. Mwanarusi, mwanamke wa Kiswahili aliyefika Voi na mumewe kutoka Lamu, ndiye aliyemfundisha kazi hiyo, na hakuacha siku ipite bila kumkumbusha.

"Ulikuwa ukiyauza kwenye magazeti, mwenzangu, wakumbuka? Yakigandana humo, watu wakila habari za bunge pamoja na sukari."

"Yalikuwa yanachafua nguo za watu," Tryphena alisema. "Mama mmoja alinitupia yote usoni. Gauni lake jeupe."

"Sasa je! Nailoni imekutoa aibu. Nikupe mia?"

"Nipe mia mbili."

Mwanarusi alikuwa akihesabu vifuko Mbithe alipoingia. Wanawake wawili waliokuwa kwenye kaunta wakakumbuka ghafla kwamba wameacha vyungu motoni. Mbithe aliomba nusu kilo ya chumvi. Mwanarusi alimpimia, akapokea pesa, na chenji badala ya kumpa mkononi akaiweka juu ya mbao na kuisukuma kwa ncha ya kidole.

Tryphena alijifanya anachunguza paketi ya mishumaa. Aliona haya, na haya yenyewe ikamfanya aangalie mishumaa kwa bidii zaidi.

"Mama Peris," Mbithe alisema nyuma yake. "Hata salamu nayo imepanda bei?"

"Sikukuona, dada."

"Haya." Mbithe aliokota senti zake moja moja. "Wewe ndiye jirani yangu wa ukuta mmoja. Kama wewe hunioni, basi siko."

Alitoka. Mwanarusi alivuta pumzi kwa nguvu na kupunga khanga yake mlangoni, kana kwamba Mbithe ameacha moshi.

"Unaamini ni yeye?" Tryphena aliuliza.

"Mimi? Mimi sina mbuzi. Lakini wake hawafi, na wenu wafa. Wallahi hilo lahitaji kusomea?"

Njiani kurudi nyumbani Tryphena aliligeuza neno hilo kichwani. Wake hawafi. Wenu wafa. Kila mtu alikuwa amelisema kama jibu, na hakuna aliyeliuliza kama swali. Mbuzi wa Mbithe wanakula nini ambacho wetu hawali? Au wetu wanakula nini? Aliwaza hivyo hadi mlangoni, kisha akawasha moto wa sukari na kulisahau, kwa sababu basi la saa sita halingojei mtu anayewaza.

*

Alhamisi alifika mzee Crispus kutoka Ndara.

Huyu alikuwa baba mdogo wa Fanuel, na kazi yake ilikuwa kusoma matumbo ya mbuzi. Kwa Wadawida wa zamani, watu wa milima ya Taita, hakuna jambo zito lililoamuliwa kabla mbuzi hajafunguliwa na matumbo yake kutandazwa juu ya majani, mistari na madoa yakasomwa kama barua. Wamishonari walihubiri dhidi ya jambo hilo kwa miaka themanini. Crispus alibatizwa, akapewa jina, akaendelea na kazi. Alijiona fundi kama fundi yeyote, na alikuwa na maringo ya fundi: alikuja na kofia ya manyoya, kisu chake mwenyewe ndani ya soksi, na malalamiko kuhusu vumbi.

Fanuel, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alifunga lango na kulizibia gunia.

"Mbuzi yuko wapi?" Crispus aliuliza kabla ya chai.

Hapo ndipo aibu ilipoanza. Kwa desturi mbuzi wa kusomwa awe mzima, asiye na kilema wala kikohozi. Fanuel alikuwa amebakiwa na mbuzi wawili, jike mwenye mimba na dume jeupe lililoanza kuvimba tangu Jumatano. Akaliburuta lile dume.

Crispus alilibonyeza tumbo, akatazama macho yake. "Huyu ni mgonjwa."

"Ndiye aliyepo, baba."

"Nakuona umeficha jike nyuma ya nyumba. Mbuzi mgonjwa hudanganya, Fanuel. Mtu hapeleki barua iliyoloweshwa na mvua kwa msomaji halafu akamlaumu msomaji."

"Nimebakiwa na hawa wawili tu!"

"Na ukweli unautaka kwa bei ya huyu anayekufa." Mzee alicheka bila furaha. "Haya. Mlete. Lakini nisilaumiwe."

Lau Fanuel angekuwa mkarimu siku ile, akamtoa yule jike mzima, Crispus angesoma mistari yake safi, angemtaja adui upande wa mashariki, na kwa bahati mbaya Mbithe alikaa upande wa mashariki. Ubahili wake ndio uliowaokoa, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kupenda kuambiwa hivyo.

Dume lilichinjwa. Crispus alipiga magoti, akalipasua kwa ustadi, akaanza kuyavuta matumbo. Mara akasimama. Akayapangusa kwa jani. Akavua kofia.

"Hapa hapasomeki," alisema.

"Vipi?"

"Yamekauka. Hakuna kitu kilichopita humu siku nyingi. Kama njia iliyofungwa." Aliligusa tumbo kubwa kwa mpini wa kisu, likatoa sauti ya kitu kigumu. Akalipasua.

Kilichotoka kilikuwa na ukubwa wa kichwa cha mtoto. Kilikuwa kimesokotwa, kinang'aa, cheusi hapa, chekundu pale, na kilinuka vibaya hata Fanuel akarudi nyuma. Crispus, ambaye alikuwa amefungua mbuzi tangu enzi za Mjerumani kule Taveta, alikiangalia kwa mshangao wa mtu aliyekutana na herufi mpya uzeeni.

"Amefungwa," alinong'ona. "Mtu amemfunga tumbo."

"Nilisema!" Fanuel alipiga paja. "Nilisema mimi! Hiyo ni kazi ya Mbithe. Tutaipeleka hivyo hivyo barazani."

"Ngojeni," Tryphena alisema.

Aliingia ndani, akatoka na karai la maji. Bila kuombwa na mtu akakichukua kile kidude kwa mikono miwili, akakitumbukiza, akaanza kukichambua. Fanuel alimkemea, asiguse uchawi. Hakusikia. Alivuta ncha moja, ikarefuka, ikaachia. Akaisuuza na kuitandaza juu ya jiwe. Kilikuwa kifuko. Akavuta ya pili. Kifuko. Ya tatu ilikuwa mfuko mkubwa wa duka, wa buluu. Ya nne, ya tano, ya sita, vifuko.

Alipofika cha ishirini alipunguza kasi, kwa sababu alikuwa ameshajua na hakutaka kujua.

Namna yake ya kufunga mabuyu ilikuwa hii: alikunja mdomo wa kifuko juu ya kipande cha msumeno wa chuma, akaupitisha kwenye moto wa mshumaa, na nailoni ikayeyuka na kushikana kwa alama ya meno ya msumeno. Kipande hicho Fanuel alikileta kutoka karakana ya reli kwa sababu kilikuwa kibovu, kimeng'oka meno matatu katikati. Kila kifuko cha Tryphena kilikuwa na safu ya meno, kisha pengo, kisha meno. Hakuna mwingine stendi nzima aliyekuwa na alama hiyo. Sasa ilikuwa juu ya jiwe mara arubaini na saba.

"Baba Peris," aliita. "Njoo uangalie."

Fanuel aliinama, akatazama kwa muda mrefu, na midomo yake ikasogea kama anayehesabu.

"Na ile rangi kwenye midomo ya beberu," Tryphena alisema. "Niliinusa, nikasema hainuki. Mimi nashinda ndani ya iliki kutwa, pua yangu ingenusa nini?"

"Hii alama ni ya nani?" Crispus aliuliza.

Mzee alitazama mke, akatazama mume, akavaa kofia yake.

"Hii mnaweza kuisoma wenyewe," alisema. "Mimi nipeni paja moja niende zangu."

*

"Tutachimba shimo," Fanuel alisema baada ya mzee kuondoka. "Tutazika yote. Jumamosi tutasema hatuna uhakika, basi."

"Mwanzia na Gertrude wana uhakika. Watamfukuza."

"Na wewe ukisema, unajua watakalofanya? Watakuja hapa na hesabu ya mbuzi wao. Na kanisani watauliza, mlijuaje? Nani alifungua mbuzi? Niseme nini, ilikuwa sikukuu?"

"Kwa hiyo Mbithe ahame ili wewe usiulizwe swali kanisani."

"Si hivyo."

"Ni vipi, basi?"

Fanuel hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye kigoda, akashika kichwa, na kwa dakika nzima alitafuta ni vipi.

Ijumaa Tryphena alikwenda stendi na beseni lake, lakini hakuuza. Alikaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, akatazama. Kwa miaka mitatu alikuwa akiwakimbilia abiria na hakuwahi kuona kinachofuata baada ya pesa kushuka mkononi mwake. Basi liliingia. Wenzake waliuza. Abiria walirarua vifuko kwa meno, wakala, wakavigeuza na kulamba sukari iliyobaki, wakafungua mikono nje ya dirisha. Hakuna aliyetupa kwa ubaya. Waliachia tu, kama mtu anavyoachia ganda la ndizi. Basi likaondoka na vifuko vikaruka nyuma yake hadi kwenye mtaro.

Kisha wakaja mbuzi. Walitoka nyuma ya choo cha stendi, wembamba, mifupa ya nyonga ikionekana. Ardhi ile haikuwa na jani. Mbuzi wa Mwanzia, mwenye sikio lililokatika, alinusa kifuko, akakilamba kwa subira, akakizungusha mdomoni, akakimeza. Akatafuta kingine. Tryphena alihesabu hadi tisa. Alitaka kupiga kelele na pia alitaka kuona hadi mwisho, na kule kutaka kuona ndiko kulikomshinda. Mbuzi alipoinua kichwa midomo yake ilikuwa myekundu kabisa.

Mbuzi wa Mbithe hawakuwapo. Mbithe alikuwa akiogopa wasigongwe na treni relini, ndiyo maana aliwafunga.

*

Barazani Jumamosi walikaa kwenye mabenchi nje ya ofisi ya chifu. Mbithe alipewa kiti cha peke yake mbele, kama bibi harusi. Mwanzia alisema yake, Gertrude akasema yake. Donald akauliza kama nyumba ya Fanuel inakubaliana nao.

Fanuel alisimama, akakohoa, akakaa. Tryphena akasimama na karai, akalimwaga juu ya meza.

"Hizi zilikuwa tumboni mwa mbuzi wetu," alisema. "Arubaini na saba ni za mabuyu yangu. Alama yangu hiyo, mnaijua. Jana nimeona mbuzi ya Mwanzia ikimeza tisa pale stendi. Mbuzi za Mbithe hazifi kwa sababu zimefungwa."

Mwanzia akacheka. "Mbuzi hula hata bati, mama! Auawe na karatasi ya nailoni?"

"Nenda kaifungue yako."

"Ninyi mliifungua yenu kwa nini?" Gertrude aliuliza haraka, na vichwa vyote vikamgeukia mzee wa kanisa.

Fanuel alisimama tena, jasho likimtiririka. "Tuliifungua," alisema. "Baba mdogo aliifungua. Nitajieleza kwa mchungaji. Lakini mke wangu amesema kweli."

Maneno hayo yalimgharimu. Tryphena alijua, na siku hiyo alimpenda kama zamani.

Donald alizigusa nailoni kwa kalamu, akatamka kwamba mashtaka yamekwisha. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wamekuja kusikia hukumu na hawangeondoka bila hiyo, alimwamuru Tryphena asiuze tena mabuyu kwenye nailoni. Watu wakaguna kwa kuridhika. Gertrude akauliza nani atalipa mbuzi wake, mwingine akauliza kama sasa mifuko ya duka nayo itakatazwa, Donald akasema asiletewe mambo ya serikali kuu. Wakatawanyika wakibishana juu ya mabuyu. Kati yao wote hakuna aliyepita kwenye kile kiti cha mbele kusema neno.

Jumatatu Tryphena alirudi stendi na mabuyu kwenye magazeti. "Ya nini hii, itanipaka," abiria walisema, na mikono ikamruka kwenda kwa wasichana wawili wapya waliokuwa na nailoni. Hadi alasiri aliuza manne. Basi likiondoka alishuka mtaroni, akaokota vifuko, akijaza gunia, na watu wakauliza kama ameanza kurukwa na akili. Aliona uchungu sana, lakini aliendelea kuokota.

Siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua, alipika wali kwa nazi ya Mwanarusi, akaufunika kwenye sahani yake nzuri, akazunguka ukuta.

Mbithe alikuwa akisuka mlangoni.

"Nimekuja, dada. Nimekuja kusema pole."

"Ulishasema barazani. Ulisema vizuri."

"Nilisema ya nailoni. Hii nyingine sikusema."

"Ipi?"

Tryphena alibadilisha sahani mkono. "Nilikupita siku nyingi bila salamu."

Mbithe aliukaza uzi kwenye goti, akauzungusha. "Nikuulize kitu kimoja. Wewe uliogopa watu, au uliamini?"

Kuogopa watu kungekuwa jibu zuri. Mtu yeyote angeliliokota, na Mbithe alikuwa ameliweka hapo mbele yake makusudi, ili aliokote.

"Niliamini," Tryphena alisema.

Vidole vya Mbithe vilisimama. Alimtazama jirani yake usoni kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze, akamtazama vizuri, kama anayetaka kumkumbuka.

"Asante kwa kutonidanganya," alisema. "Sitahama. Mtoto akiugua usiku, gonga ukuta, nitakuja. Lakini kula chakula chako, Mama Peris, bado siwezi."

Aliinamia kiondo chake tena. Tryphena akauzunguka ukuta na sahani yake, wali ukiwa bado wa moto.